Mzee anasema krediti ndiyo mshahara wangu. Je, nianze Jumatatu?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa Tanga. Nimemaliza mwaka wa tatu wa shahada ya uhasibu katika chuo kimoja jimboni Minnesota, Marekani, ambako nipo kwa viza ya mwanafunzi, ile ya F-1. Hadi sasa nimekusanya krediti 87 kati ya 120 zinazotakiwa ili nihitimu.

Tangu mwezi wa pili nimekuwa nikitafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo hii ya kiangazi. Nilituma maombi kwenye kampuni kumi na nane. Nyingi hazikujibu, na tatu zilizojibu zilisema haziwachukui wanafunzi wenye viza. Ndipo mama mmoja tunayeswali naye akaniunganisha na mzee mwenye ofisi ndogo ya hesabu na kodi, nje kidogo ya mji wa Minneapolis. Mzee huyu ni mtu wa kwetu Afrika Mashariki, anaheshimika sana katika jumuiya yetu, na wateja wake wengi ni wenye maduka na wenye malori. Alinipokea vizuri. Akasema niende kwa wiki kumi, saa 20 kwa wiki, bila malipo, ila chuo kinipe krediti tatu. Maneno yake yalikuwa haya: "Krediti ndiyo mshahara wako, binti yangu. Jumatatu uanze, makaratasi yatafuata."

Nilipokwenda chuoni, mratibu wa mafunzo kwa vitendo katika idara yetu aliniambia kwamba krediti tatu zinawezekana, lakini zinadai saa 135, mkataba wa mafunzo, daftari la kila siku na ripoti mwishoni. Akaongeza kwamba, kwa kuwa ni muhula wa kiangazi, nitalipa ada ya dola 480 kwa kila krediti, yaani dola 1,440. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa nayo ikanionya nisianze mpaka wanipe fomu I-20 mpya, ile hati ya chuo inayoonyesha hali ya mwanafunzi wa kigeni, jambo linaloweza kuchukua hadi siku kumi za kazi. Siku hizo kumi haziwezi kuisha kabla ya Jumatatu.

Nilipompigia baba simu alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza: "Tangu lini mtu akalipa ili afanye kazi?" Sikuwa na jibu. Rafiki ninayekaa naye anasema nisijisumbue na makaratasi yote hayo, kwa sababu silipwi, na asiyelipwa hafanyi kazi bali anajitolea tu, na kujitolea hakuhitaji kibali cha mtu.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Wiki iliyopita Mzee aliniita nikaione ofisi. Nilipofika alinipa boksi la viatu lililojaa risiti za mteja mmoja mwenye duka, akaniomba nizipange kwa miezi. Nilikaa hapo saa tatu. Sikulipwa, na wala sikuomba. Nilipotoka nje ndipo nilipokumbuka kwamba sina kibali chochote.

Je, nilipe hizo dola 1,440? Nianze Jumatatu kama Mzee anavyotaka, au nimwambie asubiri, na nikimwambia hivyo sitaonekana sina adabu? Na zile saa tatu nizifanyeje?

Binti wa Tanga, Minnesota

Marahaba, mwanangu.

Nianze na Jumatatu kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Usiende. Usiende hata Mzee akikupigia simu mara mbili, hata akisema ni kukaa tu na kutazama, mpaka utakapokuwa umeishika mkononi ile fomu I-20 mpya, umefungua ukurasa wake wa pili, na umeona kwa macho yako jina la ofisi yake, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.

Kibali unachokisubiri huitwa kwa kifupi CPT, yaani kibali cha mafunzo kwa vitendo yaliyo sehemu ya mtaala. Hakiombwi serikalini kama kile utakachokiomba ukihitimu. Hutolewa na afisa wa chuo aliyepewa mamlaka hayo, ambaye huingiza taarifa zako katika mfumo wa serikali uitwao SEVIS, kisha akakuchapishia I-20 mpya. Masharti yake makuu unayatimiza, kwa kuwa umeshasoma kwa muda wote zaidi ya mwaka mmoja wa masomo, nafasi yenyewe inahusiana na uhasibu unaousomea, na unaye mwajiri anayejulikana. Linalobaki ni lile neno "mtaala". Kanuni inataka mafunzo yawe sehemu ya masomo yako, na pale ambapo shahada haimlazimishi mwanafunzi kufanya mafunzo, vyuo vingi huthibitisha jambo hilo kwa kumsajili katika kozi yenye krediti. Hapo ndipo krediti na viza zinapokutana, na ndiyo sababu ofisi ya wanafunzi wa kimataifa hutaka kuona usajili wako kabla ya kuchapisha chochote. Kibali hiki hakirudi nyuma, wala hakiwezi kuhalalisha siku ambayo imekwisha kupita. Kwa hiyo kauli ya Mzee kwamba makaratasi yatafuata, ambayo nina hakika aliitoa kwa nia njema, ndiyo kauli pekee katika habari yako yote inayoweza kukutoa Marekani kabla hujahitimu.

Sasa zile saa tatu. Sitakwambia kwamba si kitu, na sitakutisha pia. Ulikwenda kuiona ofisi, ukapewa boksi, ukalipanga. Usirudie, usiziingize saa hizo katika hesabu ya saa 135, kwa maana hazikuwa chini ya kibali, na usimruhusu mtu yeyote, awe Mzee au mwingine, aandike barua yenye tarehe ya nyuma ili kuzifunika. Barua ya namna hiyo ni kosa kubwa zaidi kuliko risiti ulizozipanga. Kabla hujaomba kibali, zungumza na mwanasheria wa mambo ya uhamiaji umweleze kama ulivyonieleza mimi. Vyuo vingi vya Marekani vina huduma ya sheria kwa wanafunzi, ambayo huwa imeshalipiwa ndani ya ada ya muhula, kwa hiyo uliza kama chako kinayo. Na siku ukiulizwa swali la wazi kuhusu mchana ule, sema kweli.

Rafiki yako unayekaa naye amechanganya mambo mawili, na si yeye peke yake, kwani nimelisikia kosa hili kwa wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kujitolea, kwa maana ya sheria ya kazi ya Marekani, ni kuisaidia taasisi ya hisani, ya dini au ya umma, bila kutarajia malipo, katika shughuli ambayo kwa kawaida watu hujitolea. Biashara ya mtu binafsi inayotafuta faida haiwezi kuwa na watu wa kujitolea. Ofisi ya Mzee inawatoza wateja fedha kwa kupangiwa hesabu zao. Anayezipanga anafanya kazi ambayo mtu mwingine angelipwa kuifanya. Kutokulipwa kwako hakuibadilishi kazi hiyo ikawa sadaka, na afisa wa uhamiaji atakayeliangalia faili lako miaka mitatu ijayo hataishia kuuliza kama ulipokea hundi.

Jambo hili linanileta kwa Mzee mwenyewe na ile kauli yake kwamba krediti ndiyo mshahara. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndiyo kiini cha yote uliyoniuliza. Krediti si mali ya Mzee. Yeye hana hata moja mfukoni mwake ya kukupa. Krediti ni ushahidi unaotolewa na chuo kwamba umejifunza kitu chenye uzito wa kozi, na ushahidi huo wewe ndiye unayeulipia, kwa ada na kwa kazi ya kuandika ripoti. Anayesema atakulipa kwa krediti anaahidi kukulipa kwa fedha zako mwenyewe. Simaanishi kwamba Mzee ni mdanganyifu. Waajiri wengi wa Marekani, wakubwa kwa wadogo, wamezoea kuandika katika matangazo yao kwamba nafasi haina malipo ila mwanafunzi lazima apate krediti, wakiamini kwamba neno hilo peke yake linawakinga na sheria ya mshahara.

Haliwakingi. Sheria ya viwango vya haki vya kazi ya mwaka 1938 ndiyo inayotawala suala hili, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Pili, huko New York, iliamua kesi iliyofunguliwa na wanafunzi wa mafunzo dhidi ya kampuni ya filamu ya Fox Searchlight Pictures kwa kuweka kipimo kinachouliza swali moja: katika uhusiano huu, ni nani hasa anayenufaika zaidi, mwanafunzi au mwajiri? Wizara ya Kazi ya Marekani ilikichukua kipimo hicho Januari 2018. Kina vigezo saba. Krediti imo katika kimojawapo, pale panapoulizwa kama mafunzo yamefungamana na masomo. Lakini mna pia swali la kama mafunzo yanafuata kalenda ya chuo, kama muda wake unaishia pale mafunzo yanapoishia, na lile ambalo kwa ofisi ndogo huwa ndilo zito kuliko yote: je, kazi ya mwanafunzi inaongezea kazi ya wafanyakazi wanaolipwa, au inachukua nafasi yao? Hakuna kigezo kimoja kinachotosha peke yake. Ukikaa wiki kumi ukipanga risiti ambazo usingekuwepo wewe, Mzee angemlipa karani azipange, basi unastahili mshahara hata kama chuo kimekupa krediti kumi.

Na tufanye hesabu, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu. Saa 20 kwa wiki kumi ni saa 200. Chuo chako kinataka saa 135, ambazo ni saa 45 kwa kila krediti. Idadi hiyo haikuokotwa. Kanuni ya serikali ya Marekani inaipima saa moja ya krediti kwa saa moja darasani na zisizopungua mbili nje ya darasa, kila wiki, kwa muda wa takriban wiki 15 za muhula, na kanuni hiyohiyo inataka mafunzo kwa vitendo nayo yawe na kazi isiyopungua kiasi hicho. Kwa hiyo saa 65 zinazobaki hazina mwalimu wala krediti. Ni zawadi yako kwa ofisi. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Minnesota kilikuwa dola 11.13 kwa saa, na ndani ya mji wa Minneapolis kilikuwa juu zaidi. Kwa kima hicho cha jimbo, saa zako 200 zina thamani ya dola 2,226. Zingelipwa hizo, ungetoa ada ya dola 1,440 na ukabaki na dola 786. Wala usidhani kwamba ukilipwa huwezi kupata krediti. Hakuna sheria ya serikali inayomlazimisha mwanafunzi achague kimoja kati ya viwili hivyo, na vyuo vingi huruhusu vyote kwa pamoja. Muulize mratibu wako kama idara yenu inaruhusu.

Kuhusu adabu, ninaelewa vizuri unachokiogopa. Kumwambia mtu mzima "subiri" ni kazi ngumu kwa mtoto aliyelelewa Tanga. Lakini adabu iko katika namna unavyolisema jambo, na Mzee huyu anaishi kwa kujaza fomu za serikali za watu wengine, kwa hiyo lugha ya tarehe na kibali anaijua kuliko wewe. Mwandikie leo, kwa heshima, maneno ya namna hii: "Shikamoo Mzee. Nakushukuru sana kwa kunipokea. Chuo kimeniambia siruhusiwi kuanza hata siku moja kabla ya kupata I-20 yenye jina la ofisi yako, na inaweza kuchukua siku kumi za kazi. Naomba tuanze Jumatatu itakayofuata baada ya kuipata. Naomba pia barua yenye jina na anwani ya ofisi, shughuli nitakazofanya, saa za kila wiki, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kwa kuwa bila barua hiyo chuo hakiwezi kunishughulikia." Barua hiyo utaihitaji kweli, na kuiomba kwako kutamwonyesha kwamba humkatalii.

Habari ya malipo usiiandike kwenye simu. Nenda na yule mama aliyewaunganisha, mkae, naye aanze kuyazungumza kabla yako. Mwelezeni kwamba chuo kinakutoza dola 1,440, kwamba saa anazozitaka zimezidi zinazotakiwa na chuo, na kwamba unaomba moja kati ya mawili: akulipe kima cha chini, au apunguze saa ziwe 135 na mkubaliane kwa maandishi kwamba ni za kufundishwa. Akikubali kukulipa, utahitaji namba ya hifadhi ya jamii, nayo inaombwa kwa barua yake na barua ya chuo, si mapema kuliko siku 30 kabla ya kuanza. Utajaza pia fomu I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, ambayo yeye kama mwajiri anawajibika nayo. Na hapo kuna jambo ambalo wenye ofisi ndogo hulisahau: mwanafunzi wa F-1 ambaye bado hajamaliza miaka mitano ya kalenda nchini hakatwi makato ya hifadhi ya jamii na ya Medicare, yaani bima ya afya ya wazee, ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65. Kwa dola 2,226 hiyo ni zaidi ya dola 170. Mkumbushe mapema.

Sasa nije kwenye ada. Kabla hujalipa hata senti, fungua taarifa ya maendeleo ya shahada yako kwenye tovuti ya chuo, uangalie krediti za mafunzo kwa vitendo zinaangukia wapi. Katika vyuo vingi hazihesabiwi katika masomo ya lazima ya fani. Zinaingia katika masomo ya hiari, na mara nyingi hupewa alama ya kufaulu au kutofaulu tu, isiyopandisha wastani wako. Kama masomo yako ya hiari yamekwisha kujaa, krediti hizo tatu zitaonekana kwenye cheti cha matokeo lakini hazitakusogeza hata hatua moja kuelekea mahafali. Umebakiza krediti 33. Ukizigawa katika mihula miwili ni 16 na 17. Ukipata tatu kiangazi hiki ni 15 na 15. Tofauti ipo, ni nafuu ya kweli kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, lakini si nafuu ya dola 1,440 ikiwa chuo chako, kama vingi vya Marekani, kinatoza ada ileile kwa mwanafunzi anayechukua krediti 12 na anayechukua 18. Katika hali hiyo, krediti hizohizo tatu ungezipata msimu wa vuli bila kuongeza ada.

Kwa hiyo rudi kwa mratibu umuulize kama unaweza kusajiliwa kwa krediti moja badala ya tatu. Kwa ajili ya kibali, kinachotakiwa ni kwamba mafunzo yawe ndani ya kozi. Idadi ya krediti ni uamuzi wa chuo. Krediti moja itakugharimu dola 480, na dola 960 zitabaki mfukoni mwako. Umuulize pia kama mafunzo ya kiangazi yanaweza kusajiliwa muhula wa vuli, kwa sababu baadhi ya vyuo huruhusu na vingine hukataa kabisa. Ushauri wangu, kwa haya uliyoniandikia, ni krediti moja. Ningebadili neno langu kwa sababu moja tu: kama unakusudia kupata leseni ya uhasibu ya CPA. Kwa miaka mingi majimbo ya Marekani yamekuwa yakidai krediti 150 kwa leseni hiyo, si 120 za shahada, na ingawa majimbo kadhaa yameanza kulegeza sharti hilo, mtu anayeielekea njia hiyo hana krediti ya kupuuza. Hapo tatu zina thamani, mradi uhakikishe kwanza kwamba bodi ya jimbo utakaloombea inazikubali.

Usiogope kwamba kibali hiki kitakupunguzia kile cha baada ya kuhitimu, OPT, ambacho kwa shahada ya kawaida ya uhasibu ni miezi 12 tu, kwa kuwa nyongeza ya miezi 24 ni ya fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Anayepoteza OPT ni yule aliyefanya CPT ya muda wote kwa miezi 12 au zaidi. Saa 20 kwa wiki huhesabiwa kuwa muda wa sehemu. Hakikisha tu kwamba I-20 yako imeandikwa hivyo, na kwamba Mzee hakuongezei saa ya 21, hata msimu ukiwa mgumu.

Mkataba wa mafunzo ndipo mahali ambapo ningependa uweke nguvu zako, kwa sababu huo ndio utakaoamua kama utakaa wiki kumi na boksi la viatu au utatoka pale ukiwa mhasibu. Usikubali malengo ya jumla kama "kujifunza kazi za ofisi". Andika kwamba ifikapo wiki ya tatu utakuwa umefanya mwenyewe usuluhishi wa benki wa mteja mmoja, yaani kulinganisha daftari lake na taarifa ya benki mpaka tofauti zote zijulikane. Ifikapo wiki ya sita umefunga urari wa mwezi. Na kabla ya kumaliza umeandaa mizania ambayo Mzee ameikagua na kuisahihisha mbele yako. Mwombe muda wa kukaa naye kila wiki, hata kama ni nusu saa siku ya Alhamisi.

Na boksi lenyewe halidharauliki, inategemea unaliandikaje. Ukiandika kwenye daftari "leo nimepanga risiti", mwalimu wako hana cha kukupimia. Lakini tuseme umeandika hivi: "Leo nimepanga risiti 64 za mwezi Machi za duka la vyakula. Tisa zilikuwa zimefifia hazisomeki, nikazitafuta moja moja katika taarifa ya benki kwa tarehe na kiasi, saba nimezipata. Mbili kati ya zinazosomeka zilikuwa za sare za shule za watoto, zimelipwa kwa kadi ya duka. Msimamizi amenifundisha kwamba hizo si gharama za biashara, ni fedha alizojichukulia mwenye mali, na akanionyesha zinavyoandikwa kwenye leja." Hapo pana kosa lililogunduliwa, pana kanuni, na pana mwalimu. Ukurasa mmoja wa namna hiyo kila siku, bila kutaja jina la mteja, na ripoti yako ya mwisho itakuwa imeshajiandika nusu.

Mpigie baba tena. Swali lake halikuwa la ujinga, na mwambie kwamba mimi nimesema hivyo. Mpango wa kwanza wa kuunganisha kazi na masomo ya chuo kikuu Marekani ulianzishwa na Herman Schneider katika Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1906, kwa wanafunzi 27 wa uhandisi waliopokezana darasa na karakana, na kule karakanani walilipwa ujira. Kwa hiyo baba anauliza kile ambacho waanzilishi wenyewe walikijua. Kisha mkumbushe kwamba hata nyumbani mwanafunzi aliyeko fildi huwa amelipa ada, ila imefichwa ndani ya ada ya mwaka mzima, kwa hiyo mzazi haioni. Huku Marekani, wakati wa kiangazi, kila krediti huuzwa peke yake na bei yake ikaonekana wazi. Na asije akasikia krediti tatu akadhani ni kidogo kwa kuzilinganisha na za Tanzania. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu krediti moja ni saa kumi za kujifunza na shahada ya kwanza haipungui 360; hiyo yenu ya huko ni kipimo kingine.

Huenda Mzee akakataa yote, akasema kama si Jumatatu basi tena. Akisema hivyo, mshukuru na uondoke. Utakuwa umeikosa nafasi moja ya kiangazi kimoja, na viza yako iko salama. Halafu, chuo kikifunguliwa mwezi wa nane, ulizia programu ya VITA ya mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, inayowasaidia watu wa kipato cha chini kujaza marejesho ya kodi bila malipo. Inafanya kazi hasa kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Aprili, wanaojitolea hufunzwa na kufanya mtihani wa IRS kabla hawajamgusa mteja, na idara nyingi za uhasibu huitolea krediti ndani ya muhula ambao ada yake umeshailipa. Huko ndiko kujitolea kwa maana halisi ya neno. Hata hivyo, kabla hujajaza jina lako, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, uwaeleze, na uwaombe jibu lao kwa barua pepe ili ulihifadhi.